Kufika Songea ni Jambo Moja, Kuingia Mjini ni Jingine

Miongoni mwa mambo yanayonistaajabisha katika magazeti na redio za siku hizi ni wingi wa nasaha anazopewa msafiri aendaye Ulaya, akaelezwa apande basi gani akishuka uwanja wa ndege, tiketi aikate wapi na teksi ipi aikwepe, ilhali mtu wa Dar es Salaam, Mwanza au Unguja anayekusudia kuja Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, aghalabu huachwa afunge safari kwa kumuuliza shemeji aliyewahi kufanya kazi huku zamani. Na shemeji huyo, kwa kuwa aliondoka kabla barabara hazijatengenezwa, humpa habari za nchi ambayo haiko tena. Humwambia achukue chakula cha siku mbili na koleo la kuchimbulia gari kwenye matope. Mgeni akisikia hayo huahirisha safari, au huja na moyo wa mtu anayekwenda uhamishoni.

Rai yangu ni kwamba umbali wa Songea umekwisha kushindwa, tena kwa gharama kubwa na kwa kazi ya miaka mingi, na kilichobaki kushindwa ni ule mwendo mfupi wa mwisho, baina ya mlango wa basi na mlango wa nyumba ya wageni, ambao haukuhitaji mkopo wa benki wala mitambo ya kupasulia miamba.

Sifa ya umbali mji huu haukujipa wenyewe. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilikatiza nchi hii kwa miguu, ikisafirisha pembe na watumwa. Wajerumani walipojenga boma lao hapa mwaka 1897, njia zilikuwa bado ni vijia vya porini. Waingereza nao walipoitawala Tanganyika waliiona Songea kuwa ghala la nguvukazi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na malori yake yakawa yakiwasomba vijana wa Kingoni na wenzao kwenda kuwa manamba Tanga na kwingineko. Kwa muda mrefu, basi, njia ya Songea ilikuwa njia ya kutokea. Waliokuwa na amri ya kutengeneza barabara walifikiria jinsi ya kumtoa mtu huku na kumfikisha shambani. Habari ya mtu atakayekuja kwa hiari yake, na mfuko wake begani, kutazama nchi na kulala siku mbili tatu, haikuwamo katika hesabu zao hata kidogo. Nadhani mazoea hayo yametusalia mpaka leo, ingawa hatuyatambui.

Lami ya kwanza ya maana ilitufikia katika miaka ya 1980, barabara ya kutoka Makambako ilipojengwa kwa fedha za Waingereza. Ikakaa peke yake miaka mingi. Kisha fedha za Wamarekani, chini ya mradi wao wa Changamoto za Milenia, zikatengeneza vipande vya Songea hadi Namtumbo na Peramiho hadi Mbinga. Namtumbo ikaungwa na Tunduru. Na hatimaye kile kipande kigumu cha milima, Mbinga hadi Mbamba Bay, nacho kikapata lami. Leo mtu anaweza kutoka Mtwara, penye Bahari ya Hindi, akafika ufukweni mwa Ziwa Nyasa bila gurudumu la gari lake kuacha lami, jambo ambalo wazee wetu wangeliambiwa wangelicheka.

Njia kuu ya kuja kwetu, hata hivyo, ni ile ya nyanda za juu, nayo ndiyo ninayomshauri mgeni wa mara ya kwanza. Basi huondoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, Dar es Salaam, alfajiri kabla jua halijachomoza, likapita Chalinze na Morogoro, likakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako abiria wa dirishani huwaona swala, twiga na siku nyingine tembo pasipo kulipa kiingilio, likapita bonde la Ruaha Mbuyuni lenye mibuyu na mafungu ya vitunguu barabarani, ndipo likaanza kuupanda mlima Kitonga kwa mwendo wa pole ambao humfanya hata mwenye maneno mengi anyamaze. Juu ya Kitonga hewa hubadilika. Ilula ni nyanya ndoo kwa ndoo. Kisha Iringa, Mafinga na misitu ya Sao Hill, hata Makambako, ambapo magari ya Mbeya na Zambia hushika njia yao nasi tukageukia kusini kwenda Njombe. Baada ya Njombe huja Lukumburu na kona zake, halafu Madaba na Gumbiro, na mwishowe taa za Songea. Mwendo wote ni zaidi ya kilomita 900, ambao humaliza mchana mzima na sehemu ya usiku.

Kuhusu siti, wengi huipigania ya mbele wasijue kuwa la maana zaidi ni upande. Asubuhi basi linaelekea magharibi na jua liko nyuma, hapana neno. Lakini baada ya Makambako safari inaelekea kusini, na jua la alasiri humwangukia aliyekaa upande wa dereva mpaka anachoka kabla ya kufika. Keti upande wa mlango. Sweta liwe mkononi, lisiwe katika buti chini ya masanduku ya watu, maana Mafinga na Njombe hazina mzaha, na mwezi Juni au Julai nimewaona vijana waliopanda na fulana Mbezi wakijifunika mifuko ya shangazi kaja bila haya. Chakula kipo njiani cha kutosha. Basi husimama mahali pa kula, na husimama tena porini kwa wanaotaka kuchimba dawa. Mama aliyevaa gauni refu na mwenye mtoto mdogo afadhali angojee choo cha kulipia cha mjini, kwani majani ya kando ya barabara yana upupu, na kondakta hana subira.

Tiketi ikatwe kwenye ofisi ya basi au kwa simu, iwe ya mtandao, yenye jina la abiria na nauli iliyoandikwa, na nauli hiyo ilingane na kikomo kilichotangazwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Vishoka wa getini, wale wanaomshika mtu begi kabla hajatoa salamu, hawana basi wala siti. Kazi yao ni kumpeleka abiria mahali ambapo angefika mwenyewe, kisha wakamtoza.

Tangu mwaka 2023 serikali imeruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya katazo, na wako wanaosifu kuwa sasa mtu hulala Dar es Salaam kiti kikiwa kinatembea, akaamkia Songea. Mimi siwasifu sana. Anayekuja usiku haioni Mikumi wala Kitonga, wala hajui kwa nini Njombe inanukia miti. Fauka ya hayo, ukungu wa Lukumburu saa za alfajiri ni mzito, na ndani ya ukungu huo yamo malori ya makaa ya mawe.

Malori haya yanastahili maneno zaidi, maana ndiyo yaliyoibadili barabara yetu kuliko jambo jingine lolote katika miaka ya karibuni. Makaa huchimbwa Ngaka, huko wilaya ya Mbinga, na soko lake lilipopanda ghafula, hasa baada ya vita vya Ukraine kuvuruga biashara ya nishati ulimwenguni, malori yakaanza kupita Songea mchana na usiku, mengine yakielekea Njombe na mengine yakishika njia ya Tunduru kwenda bandari ya Mtwara. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya mahindi na tumbaku ya miaka ya 1980 sasa inabebeshwa mzigo ambao mhandisi wake hakuuota. Imebonyea mahali pengi, ikawa na mabonde mawili ya magurudumu yanayoshika maji ya mvua. Dereva wa basi akilikuta lori linapanda kilima mwendo wa konokono, hutamani kulipita. Naye abiria mwenye busara hatamhimiza, wala hatamcheka kwa kuchelewa. Kwa mwenye gari lake binafsi nasema hivi: ondoka Njombe asubuhi, usishikilie kufika Songea jua likiwa limezama, na ukiona tawi bichi limelazwa barabarani punguza mwendo papo hapo, kwani mbele yake pana gari lililoharibika.

Njia nyingine nazitaja kwa ufupi. Ndege za Air Tanzania hutua Songea, katika uwanja wa Ruhuwiko, ulioongezwa na kutengenezwa upya, na kwa mwenye mgonjwa au mwenye siku chache hiyo ni neema isiyo na mjadala. Reli ya kisasa iliyoanza mwaka 2024 humfikisha mtu Morogoro kwa raha, lakini akishuka hapo atalazimika kulitafuta basi ambalo huenda limekwisha kujaa tangu Mbezi, kwa hiyo raha hiyo huishia kwenye foleni nyingine. Reli ya TAZARA hupita Makambako, nayo ni kwa mwenye wasaa na kitabu kizuri. Mtu wa Mbeya au Kyela anaweza kuja kwa meli, akapanda MV Mbeya II na kushukia Mbamba Bay, safari ya ziwani ambayo siijui ya kulinganishwa nayo kwa uzuri katika nchi hii. Ila ratiba ya meli aiulize bandarini kwenyewe, siyo kwa watu.

Iko pia njia ya kusini, ambayo huwa nawashauri wageni waifanye njia ya kurudia. Kutoka Songea hupita Namtumbo na Tunduru, Mangaka na Masasi, kisha Lindi, ukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Baina ya Namtumbo na Tunduru barabara hukatiza ushoroba wa wanyama uendao mpaka hifadhi ya Niassa, Msumbiji, na vibao vya tembo unavyoviona huko havikuwekwa kwa pambo. Tunduru ni mji wa vito na korosho. Ukiteremka kutoka milima ya miombo ukaanza kuiona minazi, unaona jinsi nchi moja inavyomkabidhi mtu kwa nchi nyingine, na unajua bila kuambiwa kwa nini Wangoni na watu wa pwani walijuana tangu dahari.

Sasa nije kwenye shina la maneno yangu. Basi likifika huku halikushushi mjini. Hukushusha stendi kuu ya Shule ya Tanga, nje ya mji, jengo jipya, pana na safi, ambalo serikali ilikuwa na haki ya kujivunia. Stendi ya zamani ilikuwa imebanana na nyumba za watu mpaka basi likirudi nyuma wenye nyumba hutoka nje. Kuhamishwa kwa stendi sikulaumu. Nalaumu kwamba waliohamisha stendi hawakumhamisha na mgeni.

Nilisimama hapo usiku mmoja nikimpokea jamaa, likaingia basi lililochelewa. Akashuka mama wa makamo na kikapu cha korosho, kitenge kimefungwa kichwani kwa ajili ya baridi, na kabla mguu wake wa pili haujagusa sakafu vijana wa bajaji walikwisha kumzunguka.

"Shikamoo, mama. Twende mjini."

"Marahaba, mwanangu. Bombambili shilingi ngapi?"

"Panda tu, mama. Hatutashindwana."

"Kabla sijapanda, mwanangu, niambie."

"Mama, usiku huu! Wewe panda, tutaongea mbele ya safari."

Akasimama akitazama huku na huku, anatafuta ukuta ulioandikwa chochote. Ukuta ulikuwa umeandikwa majina ya makampuni ya mabasi, namba za vyumba, na katazo la kutema mate. Nauli ya kufika Bombambili, Lizaboni, Msamala, Mjimwema au Ruhuwiko haikuwako. Yule kijana, kwa insafu niseme, hakuwa mwizi. Alikuwa amekesha, mafuta yamepanda bei, na hakuna aliyempangia bei ya haki ambayo angeweza kuitamka bila kuogopa kupunjwa naye. Mama mwishowe akakaa juu ya benchi kukumbatia kikapu chake na kumngojea mpwa wake aje na pikipiki.

Nilimkumbuka mama huyo niliposoma habari za Belgrade, mji mkuu wa Serbia, ambao wazee wetu waliujua kwa ajili ya Tito na ule mkutano wa mwaka 1961 wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Mji ule hauna reli ya chini ya ardhi, na watu wake hulalamikia mabasi yao kama sisi tunavyoyalalamikia yetu. Walakini mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Nikola Tesla hukuta imeandikwa kwamba basi namba 72 litampeleka hadi Zeleni Venac, katikati ya mji, na tangu Januari 1, 2025 mabasi na tramu za mji hazitozi nauli, awe mwenyeji au mgeni. Bure siiombi. Halmashauri yetu ina shule za kuezeka na zahanati za kununulia dawa, na atakayetaka Songea iige usafiri wa bure ametania. Lakini ile namba 72, yaani kumwambia mtu achukue gari gani, litakwenda wapi, na atatoa kiasi gani, haihitaji utajiri wa Ulaya. Inahitaji mtu mmoja ofisini aliyeamua kwamba mgeni naye ni sehemu ya kazi yake.

Hata hapo itakapokuwa, mgeni na afanye hivi. Akifika mchana, atafute daladala ya kwenda mjini, zipo, nazo ni rahisi mno kuliko bajaji. Akifika usiku, awe amekwisha kuipigia simu nyumba ya wageni tangu Njombe, na awaombe wamtumie kijana wao wanayemjua, bei ikasemwa kwenye simu hiyo hiyo. Bodaboda usiku na mizigo miwili siishauri kwa mtu yeyote, seuze mwenye mtoto. Wenyeji wa hapa ni watu wa jamala. Muuza maandazi wa stendini, akiamkiwa vizuri kwanza, atamwambia mgeni nauli ya haki kwa sauti ya kusikiwa na dereva, na mambo hukatika hapo hapo.

Mjini kwenyewe miguu yatosha kwa mengi. Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yapo Mahenge, penye kaburi la mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, na jina la mji wetu ni jina la mwenzao, Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano. Kila mwaka wiki ya mwisho ya Februari huwa na kumbukumbu kubwa, ngoma za lizombe, mikuki na ngao za ngozi, na wageni kutoka mbali. Anayetaka kuja wakati huo aagize chumba mapema na ajue kwamba ni majira ya mvua, zinazoanza Novemba au Desemba mpaka Aprili. Pango la Chandamali, ambalo Nduna huyo huhusishwa nalo, na bustani ya wanyama ya Luhira vyafikika kwa bajaji, mradi mkubaliane kwenda na kurudi. Milima ya Matogoro, ambamo mto Ruvuma unaanza kama kijito cha kurukwa na mtoto kabla haujawa mpaka wa mataifa mawili, mgeni aipande na mwenyeji, asubuhi, na viatu vya kufunga.

Hiace za Peramiho hazikauki. Wabenediktini walijenga huko tangu mwaka 1898, na kanisa lao na hospitali yao vimewapokea watu wa mkoa huu kwa vizazi. Kutoka hapo mabasi madogo huendelea hadi Mbinga, nchi ya Wamatengo, ambao hulima milimani kwa mashimo ya ngoro, yaliyopangwa sambamba kwenye mteremko mzima hata maji ya mvua yakakosa njia ya kuchukua udongo. Wataalamu wa kilimo wamekuja kutoka nchi za mbali kuyatazama. Kahawa inayonywewa huko Ulaya kwa bei ya kutisha inatoka kwenye vilima hivyo, na mgeni akiwa Mbinga aiombe ya kuchemshwa, asikubali ya kopo. Kisha ateremke Mbamba Bay, ale mbasa wa kuchoma, na noti ndogo awe nazo mfukoni, kwani ufukweni huduma ya fedha kwa simu hukwama pale mtandao unapokwama.

Hayo ndiyo niliyotaka mgeni ayajue. Kwa Halmashauri ya Manispaa ninayo maneno mafupi. Waiteni viongozi wa bajaji, bodaboda na daladala mezani, mkubaliane nauli ya mchana na ya usiku kwa kila kata. Iandikeni kwa herufi kubwa kwenye mbao mbili, moja Shule ya Tanga na moja uwanja wa ndege, na chini yake muweke namba ya simu ya ofisa atakayepokea. Daladala moja ipangwe zamu ya kungojea mabasi yanayochelewa, hata kama ni ya saa sita usiku, na mlango wa ukumbi wa abiria usifungwe mpaka wa mwisho aondoke. Mninga wa kutengenezea ubao unaota katika mkoa huu huu, maseremala tunao Majengo na Mfaranyaki, na toka sasa mpaka wiki ya Majimaji ijayo muda unatosha.